Nilimwita Atoke Golini Nikijua Nampotosha

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na moja. Sina mke, sina mtoto, na mpira wa miguu ambao zamani ulikuwa roho yangu, leo siwezi hata kuusikiliza redioni. Jirani akifungulia mechi, mimi huvaa viatu nikaondoka mpaka iishe. Watu hudhani nina majivuno... Laiti wangalijua!

Majina nimeyabadilisha. Mambo yenyewe sikuyabadilisha hata kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Msambweni. Wazazi wangu walifariki nikiwa na miaka saba, mmoja akimfuata mwenziwe, na nikachukuliwa na Bi Mwanasha, shoga wa marehemu mama. Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, Bakari, tuliyelingana naye kwa umri. Tulilala mkeka mmoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa kwa makosa mamoja. Bi Mwanasha hakuniita hata siku moja mtoto wa kulea. Kitambaa cha Idi kilikatwa kimoja, kikatoa kanzu mbili.

Tulipokua tuliingia timu ya mji wetu. Bakari golikipa, mimi beki wa kati. Aliyetufunza alikuwa Mwalimu Kassim, mtu mfupi, mkali, mwenye wazimu wa jambo moja: kona! Alisema timu nyingi hazifungwi kwa ufundi. Hufungwa kwa kona na mipira ya adhabu, kwa sababu watu wote huutazama mpira na hakuna anayemtazama adui.

Basi kila Alhamisi tulipigiwa kona mpaka shingo zikauma. Mmoja asimame kwenye mlingoti wa karibu, asibanduke. Waliobaki, kila mtu na mtu wake, amguse kwa mkono ajue yuko wapi. Mimi kwa urefu wangu nilipewa fowadi mrefu kuliko wote. Tena nilipewa kazi nyingine iliyo kubwa zaidi... nilikuwa macho ya Bakari.

Golikipa akizongwa na watu haoni anayetokea nyuma kwa kasi. Kwa hiyo mimi nilipaswa kusema neno moja tu. Nikisema "Kaa!" abaki kwenye mstari wake, mpira nitauondoa mimi kwa kichwa. Nikisema "Toka!" njia ni nyeupe, aende akaudake.

"Na wewe Bakari," Mwalimu alimwambia mbele yetu sote, "usibishane na sauti ya Seif. Ukiisikia, tenda."

Msimu ule wote hatukufungwa goli la kona. Hata moja! Lakini mnadhani sifa zilikuja kwangu? Watu walimbeba Bakari mabegani. Walisema mikono yake ina gundi. Ni nani anayemsifu mtu aliyesema "Kaa"?

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Kila mtu alikuwa na matumaini yake, na ya nyumbani kwetu yalifika ndani ya bahasha. Timu moja kubwa ya Mombasa, iliyokuwa ikiwapa wachezaji wake kazi bandarini, ilituma habari kwamba bwana mmoja atakuja kumtazama Bakari tutakapocheza na timu ya Kinango. Kumtazama Bakari... Mimi sikutajwa.

Bi Mwanasha alilia kwa furaha. Barazani watu waliniuliza, "Ndugu yako anahama lini?" Nikawa natabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Na siku moja kabla ya mechi, tukisafisha viatu vyetu, Bakari aliniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Nikishakaa sawa kule, nitakuombea nafasi na wewe."

Kuniombea! Kama mtu anayeombewa sadaka! Yeye alisema kwa mapenzi, wasomaji, naapa alisema kwa mapenzi. Lakini mimi neno lile lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Siku ile ndiyo nilipoanza kuwaza... Je, akifungwa goli moja la kijinga mbele ya yule bwana? Moja tu?

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakaikanyaga mistari ya chokaa. Bwana wa Mombasa alikaa kwenye kiti karibu na goli letu, amevaa kofia nyeupe. Tulipata bao mapema. Baada ya hapo Kinango walitukalia juu, kona baada ya kona!

"Kaa!" nilisema, nikaondoa. "Toka!" Bakari akatoka akaudaka kama anachuma embe. "Kaa!" nikaondoa tena. Wallahi sikuwa nimepata kucheza vizuri namna ile. Nikageuka kumtazama yule bwana wa kofia. Alikuwa akimpigia Bakari makofi.

Zilibaki dakika chache. Jua la alasiri lilikuwa limeshuka, na Kinango wakapata kona ya upande wa magharibi. Mpira ulikuwa utoke ndani ya jua lenyewe. Bakari aliweka kiganja juu ya macho, akaniita, "Seif, sioni kitu. Niangalilie!"

Niangalilie... Neno hilo ninalisikia mpaka leo.

Fowadi wao mrefu alirudi nyuma kuchukua mbio. Nilimwona. Mkono wangu ulikuwa begani pake, nami nikauondoa. Nikampisha, nusu hatua tu. Mpira ukapigwa, ukapanda, ukaja juu yetu mzito, na yule fowadi akapita kando yangu kama farasi. Kila kitu ndani yangu kilisema, kaa, mwambie akae!

"Toka!" nikapiga kelele.

Akatoka. Hakusita hata kidogo. Kwa nini asite? Sauti ilikuwa yangu.

Nilitaka aukose mpira, aaibike, basi. Sikutaka zaidi ya hapo! Lakini Bakari aliruka huku jua limemziba macho, na yule fowadi aliruka kwa mbio zake zote, goti mbele. Nilisikia mlio ambao siwezi kuuandika. Mpira uliingia golini polepole, na hakuna aliyeushangilia.

Bakari alikuwa chini, amefunika uso kwa glavu zake. Nilimpigia magoti. Damu ilikuwa ikipita katikati ya vidole. Na ndugu yangu akaniuliza nini? "Seif... mpira umeingia?"

Jicho la kulia lilipotea. Madaktari wa Mombasa walijaribu kila walichoweza, wakamwambia Bi Mwanasha amshukuru Mungu kwa lile lililobaki. Mama yule alirudi nyumbani, akakaa chini sakafuni, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, ashukuriwe Mungu wewe mzima." Ningepigwa risasi nisingeumia vile!

Je, nilisema? Sikusema. Nilijiambia nitasema atakapopata nafuu. Kisha nikajiambia kusema hakumrudishii jicho. Na jambo la ajabu likatokea... yule bwana wa Mombasa akarudi Msambweni, safari hii kunitaka mimi! Alisema ameona ni nani aliyekuwa akiziondoa kona zile. Kumbe aliona! Kumbe nilikuwa nikionekana muda wote ule, na sikuwa na haja ya kumwangusha mtu!

Nikaenda. Mungu anisamehe, nikaenda. Nikapewa kazi bandarini na jezi mpya, na siku ya kupandisha bendera nilikuwa Mombasa nikishangilia na wenzangu, huku Bakari yuko Msambweni akijifunza kutengeneza baiskeli kwa jicho moja.

Lakini Mungu si mwanadamu. Mechi yangu ya kwanza ya maana tulipigiwa kona. Golikipa wetu, kijana mwema, akanigeukia akauliza, "Beki, vipi? Nitoke?" Nikafungua mdomo, na sauti haikutoka. Tukafungwa. Mechi ya pili vivyo hivyo. Kona ikipigwa mimi naganda. Wenzangu walianza kusema nimerogwa kwetu. Kabla sijatimiza mwaka kule nilikuwa mtu wa benchi, na baadaye nikaambiwa timu hainihitaji tena. Kazi ya bandari nayo ikaondoka. Nikawa mbeba magunia wa kutwa Mwembe Tayari, huko huko Mombasa.

Na kila Idi, Bi Mwanasha alinitumia kikapu cha visheti kwa mtu anayesafiri. Kila Idi! "Mpe mwanangu, mwambie asisahau kwao." Visheti vile sikuvila hata mara moja. Niligawa kwa majirani, nikajifungia chumbani.

Miaka sita ilipita. Siku moja nilikutana na Mwalimu Kassim kivukoni Likoni. Nilimwamkia shikamoo, nikataka kujipenyeza nikimbie, lakini alinishika bega.

"Seif, usijiadhibu," alisema. "Najua unajilaumu. Lakini Bakari alitueleza tangu hospitali. Wewe ulimwambia akae, yeye akashindwa na tamaa, akatoka."

Ndipo nilipoelewa. Wachezaji wengine walisikia neno langu katika zile kelele, lakini kila mmoja aliamini amesikia vibaya, kwa sababu Bakari mwenyewe alisema hivyo! Alinifunika... Yeye, aliyepoteza jicho!

Niliingia basi siku ile ile. Nilimkuta Bakari uani, baiskeli imepinduliwa mbele yake, akipapasa mnyororo kwa vidole. Nilikaa chini, nikamwambia yote. Kile kiganja nilichokiondoa begani. Nusu hatua. Neno lenyewe. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Yeye hakuinua kichwa.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilipokuwa chini, ulisema, 'Nisamehe.' Watu wengine walikuwa wanasema, 'Pole.'"

"Mbona ulinificha?"

"Mama alikuwa na watoto wawili. Nilipoteza jicho, sikutaka yeye apoteze mtoto." Akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Nimekusamehe zamani, Seif. Ila nikikwambia kwamba nakuamini, nitakuwa nakudanganya. Hayo ni mambo mawili."

Hatukujua kwamba Bi Mwanasha alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Alitoka na sinia la chakula, akaliweka mbele yetu. Nikamshika miguu nikamwita mama. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Kula, baba, umetoka mbali." Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Neno "mwanangu" hakulisema. Hajalisema tena mpaka leo, na sasa ni mwaka wa pili.

Ninakwenda kuwaona kila mwezi. Ninapokewa, ninapewa maji, ninaulizwa hali. Ninapokewa kama mgeni.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana, nawasihi. Mtu akikukabidhi macho yake, usimwoneshe njia ya uongo, hata kwa mzaha, hata kwa sekunde moja. Na kama umeshatenda, nenda ukaseme leo. Usingoje apone, usingoje upate ujasiri, usingoje akufichie. Ningesema pale pale uwanjani, pengine Bi Mwanasha angenipiga, angenilaani, angelia... na pengine baadaye angeniita ndani. Mimi nilingoja miaka sita, na mwisho wake alisikia akiwa nyuma ya ukuta, si kwa mdomo wangu mbele yake. Siku moja nilithubutu kumwuliza kwa nini haniiti tena mwanangu. "Jicho ni kadari," alisema. "Lakini kila Idi uliniacha nikikupikia."