Mgeni wa Leonidasi

Ngazi za umeme za Kilele Plaza zilikuwa za kwanza kuonekana Kasulu, na wiki ya ufunguzi watu walitoka hadi Kakonko kuja kuziogopa. Akimana hakuwa na muda wa kuogopa. Alikuwa amebeba robota la vitambaa vya meza, gauni lake la kitenge cha njano, alilolishona mwenyewe, likimkaa sawasawa, na alikuwa anasubiriwa ghorofa ya tatu, kwenye ukumbi wa mikutano. Akakanyaga. Ngazi ikamchukua mguu mmoja, wa pili ukabaki chini.

"Dada, lete na huo mwingine!" mwanamume akapaza sauti nyuma yake, akamdaka kiwiko.

"Haya, umenisaidia. Sasa niachie."

"Nikikuachia utaanguka."

"Nikianguka naanguka na vitambaa vyako. Si wewe msimamizi wa ukumbi? Nimesoma hapo kifuani."

Leonidasi alicheka mpaka juu. Alikuwa mtu wa Kibondo, mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi kiasi cha kumridhisha hata fundi cherehani. Kufika ghorofa ya tatu alikuwa ameshaomba namba, naye Akimana ameshaitoa, akijifanya ni ya kazi.

Kazi gani! Simu zikaanza.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula. Unauliza, au unataka kuletewa?"

"Nataka kusikia sauti tu."

"Haya, sikiliza." Akaweka simu kwenye meza ya cherehani, kibandani kwake ghorofa ya chini ya Plaza, akashona upindo mzima wa pazia. Alipoichukua tena, Leonidasi bado alikuwepo, ametulia.

"Umeshona vizuri," akasema.

Akimana hakuwa mtu wa kuyeyuka ovyo, lakini siku hiyo alimwambia mama yake kwamba kuna mtu.

Kulipokuja mkutano mkubwa wa wafanyabiashara wa kahawa, Leonidasi akampigia akihema. "Mpenzi, njoo wakati wa chakula cha mchana. Mama yangu anatoka Kibondo kwa ajili yako. Upendeze."

"Kwani mimi huwa sipendezi?"

"Upendeze zaidi, basi, usiniue."

Akapendeza. Gauni la bluu ya bahari, hereni ndogo, nywele zimesukwa kwenda nyuma. Mlangoni pa ukumbi mlinzi, Gharibu, akamzuia kwa mkono. Akimana akampa kitambulisho cha taifa. Gharibu akakigeuza mbele na nyuma.

"Akimana. Hili jina la kambi gani ya wakimbizi, dada? Mtabila au Nyarugusu?"

"Jina lako ni Gharibu, umetoka Tanga mwaka huu. Mimi nimezaliwa Kabanga, kwenye hospitali hiyohiyo unayotibiwa malaria. Baba yangu naye kazaliwa hapa. Hebu niambie, kati yetu mgeni ni nani?"

"Mimi naulizia usalama tu."

"Usalama wa jina langu?"

Hapo ndipo Leonidasi alipotokea, mkono wa kulia mama yake, wa kushoto meneja Athuman. Meneja huyo kila kikao aliwaambia wafanyakazi kwamba Plaza ni ya wazawa, watu wa kambini wakatafute kwao. Akimana aliyajua maneno hayo, maana ni Leonidasi mwenyewe aliyemsimulia, akiwa amekasirika.

Sasa hakukasirika. Alimtazama meneja, akamtazama mama.

"Mwache apite, Gharibu. Huyu ni mgeni wangu."

Mama akajishika mdomo kwa furaha. Nyumbani kwao huzungumzwa Kiha, na kwa Kiha umugeni ni bibi harusi. Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kwa sababu kwa Kiswahili mgeni ni mgeni, anakula na kuondoka. Gharibu akachukua kadi yenye utepe, akamvika Akimana shingoni. Imeandikwa kwa herufi kubwa: MGENI.

Kwao Akimana wanazungumza Kirundi, ambacho na Kiha ni kama mtu na ndugu yake. Alisikia maana zote mbili kwa pamoja. Akaivua kadi, akamvika Leonidasi.

"Shikamoo, mama. Nimefurahi kukuona," akasema, akageuka, akashuka.

Simu iliita kabla hajakaa kwenye kiti cha cherehani, kwenye kibanda chake ghorofa ya chini.

"Aki, mpenzi, umenielewa vibaya! Nilisema umugeni. Mama amefurahi, anauliza umekwenda wapi."

"Ulisema mgeni, Leo. Umu yako uliiacha Kibondo?"

"Kichwa changu kinafikiri Kiha."

"Usijifiche kwenye Kiha! Kile Kiha ulichosema ulikusudia kisikiwe na mama. Na bosi wako je, ulikusudia asikie nini?"

Vijiko vya ukumbini vikasikika kwenye simu.

"Nijibu."

"Niliogopa," Leonidasi akasema. "Meneja angesema naoa mkimbizi."

"Asante. Sasa umesema kitu. Maisha yangu yote makarani wananiuliza nimetoka wapi, nawajibu, nakwenda zangu. Wao hawanijui. Wewe unanijua! Ukatafuta neno lenye milango miwili, mama yako aingie huku, bosi wako atokee kule, mimi nibaki katikati na utepe shingoni."

"Nisamehe. Nakuja huko chini tuongee."

"Huku chini hakuna mtu wa kuambiwa. Mimi ninajijua. Nakuja mimi huko juu, na ukisema nusu, usinipigie tena."

Akapanda. Mama, meneja na Gharibu walikuwa bado mlangoni, sahani mkononi. Leonidasi akamjia, jasho limelowesha shati lile zuri. Akamshika bega mbele yao.

"Meneja, mama, na wewe Gharibu. Huyu ni Akimana, binti wa Kabanga, mchumba wangu. Nataka kumuoa. Nilikosea kumwita mgeni, na nililitumia neno hilo kwa sababu nilikuogopa wewe, bosi."

Meneja Athuman akatafuna muda mrefu kipande cha nyama kisicho na mfupa. "Hongera," hatimaye akasema, akasogea kwenye meza ya matunda. Gharibu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama hakuangalia viatu. Alimpiga mwanawe kofi la mgongo lililosikika. "Yaani mimi nilichekelea uoga wako!" Kisha akamgeukia Akimana. "Mwana wanje, mwanangu, njoo ukae na mimi. Huyu atatuletea chakula, asimame."

"Aki," Leonidasi akanong'ona, "ndiyo umenikubali?"

"Nimekubali kukusikia. Mengine njoo umwambie baba Jumamosi, na mama yako awepo, na useme kwa sauti hiyohiyo."

Leonidasi akacheka kwa nafuu. Akimana hakucheka. Bado alikuwa na hasira, kali kabisa, na mkono wa Leonidasi alikuwa ameshaushika, hauachii.