Onyiego wa Pili

Noti ile ilikuwa imelowa. Roselyne aliiona kwa macho yake akiwa kaunta, akaipuuza, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Jua lilikuwa likichoma mabati ya Masimba tangu asubuhi, vumbi la barabarani limetanda hadi kwenye meza, mvua yenyewe watu walikuwa wanaiomba kanisani. Sasa noti inalowaje?

Siku hiyo Ukumbi wa Paradiso ulikuwa unafunguliwa upya. Wewe kama hujawahi kucheza Paradiso, pole yako. Wakubwa wote wa Masimba, walimu, wachuuzi wa ndizi, makarani wa viwanda vya chai, walikanyaga sakafu ile wakiwa vijana, na wengi waliondoka pale na wachumba. Baba yake Roselyne aliujenga, ugonjwa ule wa dunia nzima ukaufunga, mzee akafa, na Roselyne akaapa kuufufua. Akabuni kitu akakiita Jumapili ya Kumbukumbu. Bendi inapiga kuanzia mchana, na wakati wa mapumziko mteja yeyote anapanda jukwaani, anashika maiki, anasimulia kumbukumbu yake tamu ya Paradiso. Watu waliipenda, jamani! Walikuja hadi kutoka Tabaka.

Mpiga gitaa na mwimbaji alikuwa Lewis, mumewe. Lewis Onyiego, mtu wa Manga, mwenye mdomo mtamu usiojua breki. Na wapenzi wa muziki wa ukumbini wanaijua desturi yetu: ukitaka mwimbaji akutaje, unapanda, unambandika noti kwenye paji la uso, unamnong'oneza jina lako, naye anakupamba. Atataja jina, ukoo, mama aliyekuzaa, hata ng'ombe ambao huna.

Basi alipanda mtu mrefu aliyevaa koti jeusi la mvua, kofia imemfunika uso. Akambandika Lewis noti. Lewis akamtegea sikio.

"Jina, kaka?" Lewis akauliza kwenye maiki.

Kimya.

"Haya, leo tumepata bubu tajiri!" Watu wakaangua kicheko, na Lewis akanogewa. "Usijali. Kama huna jina, chukua langu! Huyu ni Onyiego! Onyiego wa pili, ndugu yangu wa tumbo moja, mtoto wa mama yangu Esnah kule Manga! Changu chako, kaka, kula tu!"

Mtu yule akainamisha kichwa kwa adabu, akashuka. Roselyne alipoipokea noti ile baadaye aliinusa bila kutaka. Ilinuka tope la shimoni, tope la chini kabisa lisilojua jua. Akaianika juu ya friji, akaendelea na kazi.

Jumapili iliyofuata alipanda Abner, mstaafu wa kiwanda cha chai, mteja wa Paradiso tangu enzi za mzee.

"Mimi siwezi kusahau sherehe ya harusi ya huyu msichana wetu Roselyne," alisema. "Bwana harusi mwenyewe alishika gitaa akampigia bibi harusi. Nani amewahi kuona kitu kama hiyo? Amevaa lile koti lake jeusi la mvua, maji yanatiririka kwenye mikono, na anapiga tu!"

Watu wakapiga makofi. Roselyne alicheka, akijua uzee una mambo yake. Lewis alivaa suti ya kijivu siku ile, na hapakuwa na tone la mvua. Lakini akapanda Jethro, fundi wa redio, akasimulia mkesha wa mwaka mpya, na Lewis wa Jethro pia alikuwa na koti jeusi. Akapanda mama mmoja wa duka la nguo, naye vilevile. Kicheko kikamkauka Roselyne mdomoni.

Baadaye Abner alikuja kaunta kuchukua soda yake, akamnyooshea kidole Lewis aliyekuwa jukwaani.

"Huyu kijana mnayemjaribu leo si mbaya," akasema. "Mmemtoa wapi?"

"Mzee, huyo ni Lewis."

Abner akamwangalia kwa huruma. "Roselyne, mama. Lewis namjua mimi."

Wiki ile ilikuwa mbaya. Job, mpiga ngoma aliyekaa nyuma ya Lewis kwenye jukwaa lile miaka yote, alimuuliza kwa upole ni nani aliyemwajiri. Wateja walimpita bila salamu. Na kila mchana, ukumbi ukiwa umefungwa kwa kufuli, majirani walisikia gitaa ndani, wimbo mmoja, polepole, kama mtu anayejifunza maneno ya mwenzake.

"Rose," Lewis alisema jikoni, sauti yake ndogo kabisa, "wewe unanijua, si ndiyo?"

"Acha ujinga. Mimi ni mke wako."

Lakini akaogopa, kwa sababu swali lile lilimfanya akumbuke. Alikumbuka siku walipokutana, alipokuwa akiuza tiketi mlangoni mwa baba yake na stima ikapotea katikati ya wimbo, taa zikazimika, watu wakaanza kuzomea, na mpiga gitaa mwembamba akaruka kutoka jukwaani, akaja kusimama mbele yake gizani akipiga bila spika, karibu naye hivi, hadi stima iliporudi na yeye akauona uso wake kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu hiyo aliipenda kuliko zote. Alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, kwa wageni, kwa dada zake, kwa nafsi yake akiwa anaosha vyombo. Sasa stima ikarudi ndani ya kichwa chake, na aliyesimama mbele yake alikuwa na koti jeusi, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ncha za vidole vyake juu ya nyuzi, na alikuwa anatabasamu.

Roselyne alipiga yowe. Kesho yake asubuhi walikuwa Manga.

Mama Esnah alikuwa anachuma chai. Aliwaona wakipanda kilima kwa miguu, akaacha kikapu, akamkumbatia Lewis kwanza. "Mwanangu, umekonda hivi?" Yeye hakuwa amesahau kitu! Roselyne nusura alie kwa furaha. Kisha akang'amua: Mama Esnah ni shemasi wa Wasabato, pombe kwake ni sumu, na hajawahi kuweka mguu wake Paradiso. Hata sherehe yao ya harusi, kwa kuwa ilikuwa ukumbini, aliikwepa, akabaki kanisani.

Walipomweleza habari za noti, mama alikaa chini palepale kwenye majani.

"Ulimpa jina lako," alinong'ona. "Na ukampa mimi niwe mama yake. Lewis, mdomo wako! Huku kwetu mtu akifa, mtoto anazaliwa anapewa jina lake, na yule aliyekufa anatulia. Yule ambaye hakuna mtu alitaka kuita mtoto jina lake, huyo hutangatanga. Ni ekerecha, pepo asiye na kwao. Na wewe umemchukua ukamfanya ndugu yako."

Alisali kwanza, kwa muda mrefu. Kisha, huku akiomba Mungu amsamehe, akawapeleka ng'ambo ya kilima kwa Omwenga, mwaguzi, mtu mfupi mwenye redio ndogo shingoni ambaye aliwasikiliza bila kuizima.

"Jina alipewa ukumbini," Omwenga alisema, "kwa hiyo anakula yaliyotendeka ukumbini. Nje ya hapo hana meno. Akimaliza, ataondoka na jina, na huyu atabaki kama moshi. Mrudisheni huyu ukumbini, mbele ya watu, kwenye maiki ileile. Lakini yeye mwenyewe hawezi kulidai jina lake. Mdomo uliotoa hauwezi kunyang'anya. Asimame mtu anayemkumbuka vizuri kuliko wote, amsimulie, halafu amshike mkono aseme, huyu ndiye Onyiego. Atakayeshikwa mkono atabaki. Mwingine atatoka, na hatarudi ukumbini tena."

"Nitasimama mimi," Mama Esnah akasema mara moja.

"Mama, ni ukumbi wa pombe," Roselyne akasema. "Kanisani watakutoa ushemasi."

"Wacha wanitoe. Nilimzaa."

"Na mimi ni mke wake." Maneno yalimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka. Ukweli ni kwamba neno lile la mama mkwe lilimchoma. Miaka yote hii mama mkwe alikuwa akimtazama kama mwenye baa aliyemnasa kijana wa watu. "Hakuna anayemkumbuka kama mimi. Hakuna!"

Mama Esnah alimtazama, kisha akamtazama mwanawe, akamwachia Roselyne nafasi.

Jumapili ilipofika mvua iliyoombwa sana ikaamua kushuka. Paradiso ilijaa hata hivyo, watu wakinuka makoti yaliyolowa, na kila koti jeusi lililoingia Roselyne alilifuata kwa macho hadi lilipovuliwa. Alipanda jukwaani na Lewis. Maiki ilikuwa baridi mkononi. Akafungua mdomo, radi ikapiga mahali karibu, na stima ikapotea.

Ulikuwa mchana bado, lakini mawingu yalikuwa mazito, na ukumbi ule una madirisha madogo. Watu walizomea kidogo, wakacheka, wakanyamaza. Ile harufu ikapanda. Macho ya Roselyne yalipozoea giza, aliwaona wawili. Akina Lewis wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, shati moja, gitaa moja, sura moja, wote wakimwangalia kwa hofu ileile.

"Rose," wa kulia alinong'ona, "niko hapa."

"Rose," wa kushoto alinong'ona, "usimsikilize. Taja nyumbani. Taja chochote cha nyumbani."

Cha nyumbani? Alijaribu, Mungu ni shahidi wake, alijaribu. Lakini mwanamuziki hakai nyumbani. Nyumbani kulikuwa na Lewis aliyelala mchana na soksi miguuni, Lewis aliyesahau kununua gesi, Lewis anayenyoosha shati akitafuta njia ya kutoka, vitu vya kila siku visivyo na wimbo, ambavyo hakuwahi kujisumbua kuviweka akilini kwa sababu nani husimulia wageni habari za soksi, na sasa watu walikuwa wanangoja chini yake gizani, Abner akikohoa, mvua ikipiga mabati hadi akili ikamruka, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya, ukaanza kusimulia ile siku ya tiketi, stima ilivyopotea, watu walivyozomea, kijana mwembamba alivyoruka kutoka jukwaani akaja kusimama mbele yake akipiga bila spika, na kadiri alivyosimulia ndivyo ilivyokuwa tamu, ndivyo ilivyokuwa wazi, hadi akauhisi moyo wake wa usichana ukidunda, na ndani ya simulizi ile stima ikarudi, akauona uso wa mtu aliyempenda, akauona vizuri kabisa bila shaka hata kidogo, akanyoosha mkono wake kwa uso huo.

"Huyu ndiye Onyiego!" alipaza sauti, akamshika mkono aliyekuwa kulia.

Yule wa kushoto alilia. Hakupiga kelele za kutisha kama alivyotarajia Roselyne. Alilia tu, kwa uchungu, akaliita jina la Roselyne mara moja, akarudi nyuma kana kwamba anasukumwa kifuani, na mlango ukafunguka wenyewe, na mvua ikamchukua. Ndipo stima ikarudi. Spika zikanguruma, watu wakapiga makofi hadi mikono ikawauma, Job akamkumbatia Lewis akisema, "Kaka, ulikuwa wapi siku zote hizi?" na Abner akainua soda yake juu. Harufu ilikuwa imekwisha. Roselyne aliangua kilio cha furaha mbele ya umati wote, wala hakuona haya.

Walifika nyumbani jioni. Lewis hakulala, hakutafuta njia ya kutoka. Alimsaidia kumenya ndizi, akamwambia maneno matamu, akamsimulia tena siku ya tiketi, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata neno. Roselyne alifikiri, kumbe msiba unaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa bora kuliko alivyoondoka. Aliona fahari. Simu ilipolia na kuonyesha jina la mama mkwe, aliipokea akiwa na hamu ya kumwambia kwamba ameweza.

"Mokamwana," Mama Esnah alisema. Alimwita mkwe kwa Kikisii alipokuwa na jambo zito tu. Alikuwa ananong'ona. "Uko peke yako?"

"Hapana, Mama. Niko na Lewis. Tumeshinda! Ametoka, amekwenda zake."

Upande wa pili kukawa na pumzi tu, na nyuma ya pumzi hiyo mwanamume alikuwa analia, kilio kilekile cha mchana.

"Lewis yuko hapa kwangu," mama alisema. "Amekuja na boda boda, amelowa, anatetemeka. Nimempa nguo za baba yake. Nimemtazama kichwa hadi miguu, Roselyne, ni mwanangu. Anasema ulimshika mkono yule mwingine. Uko na nani hapo?"

Kisu cha kumenyea ndizi kilikuwa kimenyamaza nyuma ya Roselyne. Kisha mkono ukamwangukia begani kwa upole, mkono wa mume, mwepesi, mzuri, na maji yakaanza kumpenya nguo.

"Ni mama?" alimuuliza karibu na sikio, kwa furaha ya kweli. "Nipe nimsalimie. Mwambie kesho tunakwenda kulala kwake."