Dumu la Ng'ambo ya Ruhwa

Siku ambayo mume wangu Mudathiru hakurudi, nilikuwa uani napepeta mchele. Ilikuwa asubuhi ya soko. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni Bugarama, hata mashamba ya mpunga hayakuonekana. Ndipo tukasikia dumu likigongwa upande wa mtoni. Mara tatu, polepole.

Mume wangu aliweka chini kikombe cha chai.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia. Lakini mpaka umefungwa."

"Maman Mukundwa, Hategekimana hawezi kuniita bure. Labda kuna njia."

Alibeba mfuko wa mchele begani, akatoka. Chai yake ilikuwa bado moto.

Nieleze habari ya dumu. Nyumba yetu iko karibu na mto Ruhwa. Ng'ambo ni Burundi. Kila mfanyabiashara wa kwetu alikuwa na rafiki yake ng'ambo. Wa Mudathiru alikuwa Hategekimana, muuza mawese. Siku ya soko, mwenye mzigo tayari aligonga dumu tupu kwa fimbo, mara tatu. Mwenzake alijibu kwa dumu lake. Kisha walikutana mpakani, darajani, vitambulisho mkononi. Mchele ulikwenda, mawese yalikuja. Kutojibu dumu kulikuwa dharau kubwa. Hata watu walionuniana walijibizana.

Kisha mpaka ulifungwa. Wanawake waliouza maembe darajani waliondoka. Mbuzi walilala katikati ya barabara, pale malori yalipokuwa yakipita. Jogoo wa Burundi aliwika, nasi tulimsikia. Lakini hakuna mtu wa kule aliyekuja.

Jioni ya siku ile aliyotoka na mchele, Mudathiru hakuonekana. Kesho yake majirani walimtafuta kwenye matete. Walikuta dumu moja la njano limekwama upande wetu. Lilikuwa limejaa mawese. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa jani la mgomba na kamba, vile Hategekimana huziba. Hapakuwa na kitu kingine.

Nilimpigia Hategekimana simu.

"Shemeji," alisema, "mimi sikugonga dumu. Tangu bafunge mupaka sijafika mutoni. Mawese yangu yote inaenda Bujumbura."

"Basi nani aligonga?"

Alishusha sauti.

"Hata huku tunaisikia," alisema. "Tunaisikia inatoka kwenu. Tulizani ni ninyi."

Siku zilipopita bila habari, tulijua mto umemchukua, tukamswalia Mudathiru bila mwili. Lile dumu niliweka pembeni jikoni. Sikulifungua.

Mudathiru alikuwa na mdogo wake, Ridhwani, fundi baiskeli. Baada ya msiba alihamia kwetu ili mimi na binti yangu Mukundwa tusibaki peke yetu. Alikuwa mtu wa mizaha. Lakini kila siku ya soko mizaha iliisha. Alisimama mlangoni na kugeuza sikio kuelekea mtoni.

Asubuhi moja yenye ukungu dumu liligongwa tena. Ridhwani alikuwa amekwisha kuoga. Alikuwa amevaa kanzu na viatu vyake vya Idi.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Niko nasikia ndugu yangu. Anaita, na hakuna muntu anamujibu. Hiyo ni haya."

"Ndugu yako tumemswalia."

"Tumeswalia nini, Shemeji? Tuliona nini?"

Nilitoka mbio, nikamwita jirani yetu, Mzee Ladislas. Mzee huyu alikulia Uvira, akarudi nyumbani baadaye. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya uwakala wa forodha mpakani. Anajua kwa nini mipaka hufungwa na kwa nini hufunguliwa. Alikuja na redio yake mkononi, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wetu. Ridhwani hakuweza kupita.

"Ridhwani, tangu lini muntu anaenda kuvuka maji na viatu bya Idi?"

"Mzee, ondoka mlangoni. Weye unaogopa maji kama paka."

"Naogopa, ndiyo. Paka iko muzima. Kaa."

Ridhwani hakuketi, lakini hakusukuma. Kule mtoni dumu liligongwa mara nyingine. Mzee Ladislas alilisikia. Alingoja litulie, ndipo akasema.

"Unakumbuka mambo ya Munyemana na Aimable?"

"Ya mbuzi?"

"Ya mbuzi. Mbuzi ya Aimable ilikula mpunga wa Munyemana. Munyemana alifanya nini?"

"Shamba lake liko juu. Alifunga mlango wa mfereji, maji yasishuke."

"Aliyachukia maji?"

"Hapana. Alitaka Aimable aje kuongea."

"Shamba la nani lilikauka kwanza?"

Ridhwani alifikiri. "La Maman Mukagasana. Liko katikati."

"Maman Mukagasana ana mbuzi?"

"Hana hata kuku," alisema Ridhwani, na kidogo acheke.

"Basi. Nchi nazo ziko hivyo. Nchi moja inashikilia kitu ambacho nyingine inakihitaji. Inasema: usipofanya ninachotaka, sikiachii. Kuna inayofunga mpaka. Nyingine inapandisha ushuru, bidhaa za jirani zisinunuliwe. Nchi tajiri inakata msaada, ama inakataa kununua madini, ama inanyima wakubwa viza. Hivyo vinaitwa vikwazo. Ni vita bila risasi."

"Na huu wetu?" niliuliza.

"Burundi imefunga. Inasema nchi yetu inasaidia maadui zake. Nchi yetu inakana. Mimi na weye hatukuwa kwenye chumba cha wakubwa hao, Maman Mukundwa. Ila tunajua kwamba hilo ndilo linaloshindaniwa. Hakuna muntu aliyefunga ili amkomeshe Mudathiru. Hakuna mchawi aliyefunga daraja."

"Na anayefunga, yeye haumii?" niliuliza tena.

"Anaumia sana. Munyemana alipofunga mfereji, maji yalimjaa, mpunga wake ukaoza. Hategekimana naye anakosa mchele wenu. Ndiyo maana mwishowe huongea. Nchi rafiki zinaingia katikati, wanakaa mezani, kila mmoja anaachia kidogo. Mpaka huu umewahi kufungwa miaka mingi, ukafunguliwa."

Ridhwani aliangalia viatu vyake.

"Siku wakikubaliana, nani ataniambia?"

"Redio itasema. Ofisi ya sekta, serikali yetu ya hapa, itasema. Bendera itapandishwa na askari watafungua kizuizi mchana kweupe. Serikali haigongi dumu, mwanangu."

"Basi ndugu yangu alikufa kwa ugomvi ambao hakuwemo."

"Ndiyo," alisema Mzee Ladislas.

Kule mtoni dumu liligongwa mara ya tatu. Lilisikika karibu zaidi, kama liko kwenye matete yetu. Ridhwani alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisogea, lakini sikusikia anachosema. Kisha aliketi chini ukutani na kuvua viatu, kimoja kimoja.

Ukungu ulipoondoka tulikwenda mtoni wote watatu. Dumu la kujibia, la upande wetu, lilikuwa bado limening'inia kwenye mti. Fimbo yake ilikuwa imelowa, na hapakuwa na nyayo kwenye tope ila zetu. Ridhwani alikata kamba akalichukua. Nyumbani alilitoboa matundu kitakoni, akamwambia Mukundwa amwagilie nalo mboga.

Wiki ile Mzee Ladislas alitupeleka kwenye ushirika wa wakulima wa mpunga. Tulikuta wengine waliokuwa kama sisi. Wote walikuwa na mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo alikuwa ng'ambo. Mwenyekiti wao, Charlotte, alituuliza, "Kama mfereji ni mmoja na umefungwa, mnalimaje?" Tulianza kukoboa mpunga pamoja na kuupeleka mchele Nyakabuye kwa basi dogo. Baadaye ulifika Bweyeye, kule karibu na msitu, ambako mchele ni adimu na barabara ni mbaya. Ridhwani ndiye anayeupeleka. Anasema watu wa Bweyeye wanamcheka kwa sababu anaogopa baridi.

Tuliandika pia ombi, sisi na wanawake wa darajani, tukalipeleka sekta. Tuliomba wakubwa wakikaa kuongea, wakumbuke walio katikati ya mfereji. Walilipokea.

Mukundwa, aliyeacha masomo tangu msiba, amerudi shule. Mboga zimeota. Jikoni napikia mafuta ya alizeti. Dumu la mawese liko pembeni, halijafunguliwa, na jani la mgomba lililoziba mdomo wake bado ni kijani.

Mpaka bado umefungwa. Siku ya soko, ukungu ukishuka mtoni, dumu hugongwa mara tatu. Mzee Ladislas hufungua redio. Tunasikiliza habari mpaka mwisho, na hatujibu.