Kompyuta Inayojiwasha na Safari ya Dotto

Nyanda ni katibu wa chama cha wafugaji huko Kwala. Jioni hurudi kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, kwa mkewe Martina. Pia anaishi nao Dotto, mdogo wake Martina, aliyetoka Kahama kuja kujifunza kushona. Zamani Nyanda akiingia ndani aliuliza chakula. Wiki hii anauliza kompyuta.

Kompyuta mpakato hiyo aliinunua ikiwa imeshatumika. Kila asubuhi huizima, huiacha kwenye chaji ndani ya kabati, na kuifunika kwa kitenge ili wezi wasiione. Kila jioni anaikuta inawaka, tena ya moto kama pasi. Mchana Martina yuko barabarani anauza mboga. Anayebaki nyumbani ni Dotto.

Basi nani mwingine? Nyanda ni mtu wa haki, lakini haki yake ina haraka, na haraka haraka haina baraka. Dotto alikana. Nyanda akabadilisha neno la siri. Kesho yake akaikuta inawaka vilevile. Hapo hasira zikampanda, akafanya jambo zito. Alimpigia simu mama mkwe wake, akamwambia binti yake Dotto ni mwongo, na Jumamosi atampandisha basi arudi Kahama. Jamani, maneno hayo mtu anamwambia mama mkwe? Martina alilia sana. Dotto alikunja nguo zake.

Ijumaa jioni Martina alikwenda kwa jirani yao, Elinipa. Mama huyu anashughulika na kompyuta katika ofisi moja ya Kisarawe, na mwisho wa wiki huwa kwake. Alisikiliza, akauliza kama umeme hukatika mchana. Martina akasema wiki nzima unakatika na kurudi. Elinipa akavaa viatu.

Nyanda alimkaribisha bila furaha. Alisema yeye hana haja ya fundi, mkosaji anamjua.

"Ukiikuta inawaka, huwa imefunguka?" Elinipa aliuliza.

"Hapana. Inaomba neno la siri."

"Basi aliyeiwasha hakuingia. Tujaribu kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote pamoja, hutajua kosa liko wapi."

Aliizima kwa utaratibu, akachomoa chaji na kipanya. Wakangoja. Kioo kilibaki cheusi. Akarudisha kipanya, akakisogeza mezani. Bado cheusi. Nyanda akamtazama Dotto kwa jicho kali. Kisha Elinipa akachomeka chaji, akabonyeza swichi ya ukutani.

Kompyuta ikawaka. Hakuna aliyeigusa.

Nyanda alitaka irudiwe. Ikarudiwa, ikawaka tena.

Elinipa akaeleza. Baadhi ya kompyuta zina mpangilio wa kuziwasha zenyewe umeme unapofika kwenye chaji. Huenda mwenye nayo wa kwanza ndiye aliyeuweka. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamka. Nyingine huamshwa na kipanya, ndiyo maana alikijaribu nacho. Aliiwasha upya, akaingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, akauzima mpangilio ule na kuhifadhi. Walipojaribu tena swichi, kioo kilibaki cheusi.

"Na kitenge acha," alisema. "Kompyuta inayochajiwa inahitaji hewa. Ikijiwasha humo kabatini, betri inaweza kuvimba, hata kushika moto. Dotto angekuwa ndani."

Aibu ilimshika Nyanda. Kisha akachukua simu, akaiweka kwa sauti ya juu ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama. Niliyokuambia juu ya Dotto si kweli. Kosa ni langu."

"Marahaba, baba," mama mkwe alijibu. Kisha akauliza: "Yeye mwenyewe umeshamwambia?"

Nyanda akageuka. Dotto alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji, nimekukosea. Nisamehe. Usiondoke."

"Nimekusamehe," Dotto alisema. "Lakini kompyuta mmeijaribu mara tatu, nne, kabla ya kuihukumu. Mimi ulinihukumu siku ya kwanza."

Wiki iliyofuata umeme ulikatika tena mara kwa mara. Jioni Nyanda alikuta kompyuta imezimwa, ya baridi, juu ya meza. Dotto alikuwa mashineni anashona. Nyanda akamwamkia yeye kwanza.