Salamu Kutoka Chumba cha Mwihaki

Mwihaki alikuwa na wiki tatu kaburini Beldina alipomsikia akikohoa.

Ilikuwa saa kumi jioni, mwaka wa 1987, katika ploti moja ya Nyalenda mjini Kisumu. Beldina alikuwa anachuja chai. Kikohozi kilitoka ng'ambo ya ukuta, chumbani kwa marehemu, ambako mwenye ploti alikuwa ametia kufuli. Kikohozi kikavu, cha mama aliyeuza vitunguu soko la Kibuye miaka ishirini.

"Ni panya," Beldina akajiambia. Lakini chai ile hakuinywa.

Walikuwa wanawake wanne waliozeeka pamoja hapo: Beldina, Mwihaki, Seline na Kageha. Walizikiana waume, wakaleleana watoto. Mwihaki alipofariki, wanawe walimpeleka kumzika kwao Murang'a. Beldina alikuwa amevimba miguu, hakuweza kusafiri. Alisimama barabarani akilitazama gari hadi likapotea. Kaburi hakuliona.

Kesho yake, saa ile ile, sauti ikasema.

"Mama Awuor. Chai imeiva?"

Beldina alishika meza. Harufu ya matope ya ziwa, matope yaliyooza chini ya magugu, ilipenya kwenye ufa wa ukuta. Alijua inafaa akimbie. Lakini sauti ilikuwa ya Mwihaki, na jioni zilikuwa zimekuwa ndefu.

"Imeiva," akanong'ona.

Tangu hapo wakawa wanaongea kila siku. Sauti ilikumbuka mvua za zamani, ikacheka, na kabla ya kunyamaza iliuliza jambo moja tu.

"Na Seline, yuko aje?"

"Yuko mzima."

Siku ya nne Seline alianguka bombani na ndoo yake, hakuinuka tena. Jamaa zake wakaja kumchukua, wakamzika Port Victoria. Beldina alilia mpaka macho yakamuuma, kisha akaenda ukutani kumpa Mwihaki habari, kama alivyozoea kumpa habari za kila msiba.

"Pole, Mama Awuor," sauti ikasema.

"Pole," ikasema ya pili, na hiyo ilikuwa ya Seline.

Kisha zote mbili kwa pamoja: "Na Kageha, yuko aje?"

Jibu lilimtoka kwa mazoea, kabla hajalifikiria. "Yuko mzima." Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa akiulizwa siku zote hizo na alichokuwa akijibu, akatupa kikombe, akavuka ua kwa miguu yake mibovu akiita jina la Kageha, akamkuta ameanguka kando ya jiko, mwili unachoma kama mkaa, na pumzi yake inanuka matope.

Absalom, mzee wa kanisa la Roho, aliitwa, akaja na kanzu yake nyeupe na ngoma. Alisimama mbele ya ukuta Beldina akimweleza yote, akatikisa kichwa.

"Huyo si Mwihaki, Mama. Ni jachien, pepo mbaya. Anavaa sauti za watu wako, na yule unamwambia ni mzima, anamfuata. Naweza piga ngoma mpaka kesho, lakini wewe ndio ulimkaribisha. Mwambie hao watu walikufa."

"Siwezi, Baba."

"Kwa nini?"

"Nikisema, watakuwa wamekufa kweli."

Absalom alianza kupiga ngoma, na ukuta ukaanza kulia, kwanza kwa sauti ya Mwihaki ikimsihi Beldina asimfukuze kwenye baridi, kisha ya Seline, kisha ya Oduor, marehemu mume wa Beldina, ambayo alikuwa hajaisikia miaka kumi na minne, zote zikimwita kwa majina ya ujana wake, na matope yakachuruzika kwenye ufa mpaka sakafuni, na Beldina akiwa amepiga magoti humo akapaza sauti: "Mwihaki amekufa! Seline amekufa! Oduor wangu amekufa!"

Kukawa kimya.

Alfajiri Kageha alitoka jasho, akaomba uji. Wiki hiyo mwanawe akaja na pikapu, akampeleka kwao Maragoli akatunzwe. Wanawake wale wawili walishikana mikono dirishani hadi gari lilipoondoka.

Chumba cha Mwihaki kilipangishwa kwa mwalimu kijana, Lornah, msichana mwenye heshima. Alikipaka chokaa, akawa anakuja kunywa chai kwa Beldina. Mwezi wa tatu wa kukaa hapo, akipuliza kikombe chake, aliuliza:

"Mama, na Kageha, yuko aje?"

Beldina hakuwa amewahi kumtajia jina hilo. Alimtazama usoni. Palikuwa na upole tu.

"Kageha alikufa," akasema.

"Woi, pole sana, Mama."

Kageha aliishi miaka sita zaidi. Kila Krismasi alituma barua kwa mkono wa mtu, akiuliza mbona Beldina haji, mbona hajibu, kwani alimkosea nini. Beldina alisomewa barabarani, mbali na ploti, kisha akairarua. Na kila aliyemuuliza habari za rafiki yake, hata mchungaji, hata bintiye Awuor, alimjibu vile vile, na kila mara alilia machozi ya mazishi.