Saruji Juu ya Ufa

“Nani amepaka saruji kule juu mlimani?”

Fundi hakugeuka. Alikuwa juu ya ngazi, anapigilia misumari kwenye fremu ya mlango wa chumba ambacho kingekuwa chao baada ya harusi.

“Saruji gani?”

“Usiniulize saruji gani. Nimekuuliza nani.”

“Watu wengi wanapita kule. Mimi nitajuaje?”

Msichana akaweka begi lake la chuo sakafuni. Viatu vyake vilikuwa vimeshika udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Alikuwa ametoka kuuteremka mlima uliosimama nyuma ya nyumba ile.

Wawili hawa walikuwa wachumba, na harusi ilikuwa imekaribia kiasi kwamba mashangazi walishaanza kugombania rangi ya vitambaa. Mwanamume alikuwa fundi ujenzi. Ndiye aliyemshawishi mwenzake aache kuuza dukani kwa dada yake na kurudi shule, na siku alipopata nafasi ya mwaka wa kwanza chuoni, akaanza kumwita Msomi. Jina likamganda. Hata mama mkwe akawa anamwita hivyo.

Kila jioni Fundi alikuwa akimpigia simu kumuuliza leo wamefundishwa nini kwenye somo lile la dunia na hali ya hewa. Msomi alikuwa akimweleza jinsi mwamba unavyochakaa na kuwa udongo, na kwa nini hewa ikipata joto inabeba maji mengi zaidi, ndiyo maana mvua iliyokuwa ikija kidogo kidogo sasa inamwagwa kwa mkupuo. Fundi angecheka na kusema mmeigeuza dunia mgonjwa, kila siku mnaipima joto kwapani. Kisha angeomba aelezwe tena.

Basi mwalimu wao, mama mmoja asiyependa kupaza sauti, akawapa kazi. Kila mwanafunzi achague kipande cha ardhi anachokifahamu, akisome kama anavyosoma ukurasa: chini kuna nini, maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na binadamu wamebadilisha nini. Msomi hakufikiria mara mbili. Akauchagua mlima ulio nyuma ya nyumba ambayo Fundi alikuwa anawajengea kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Alitaka pia darasa lione hiyo nyumba. Alitaka kutamba na mchumba wake kidogo.

Kilichomkuta huko hakikuwa cha kutambia. Miti iliyobaki mlimani ilikuwa imeinama upande wa nyumba, mashina yake yamepinda karibu na ardhi kama viwiko. Chini, pale Fundi alipouchimba mlima ili apate uwanja wa kujenga, ukuta wa udongo ulikuwa unatoa maji, na hakuna bomba linalopita hapo. Alipopanda juu zaidi akakanyaga lundo la majani makavu, mguu ukagonga kitu kigumu. Akayafagia kwa mkono. Chini ya majani kulikuwa na mstari mrefu wa saruji, umepita kwenye udongo mtupu kama mshono.

Hakuna mtu anayesakafia mlima. Akapiga magoti. Kingo za saruji ile zilikuwa zimelainishwa kwa kidole gumba, na katika mafundi wote aliowahi kuwaona, alimjua mmoja tu anayemalizia hivyo. Alikuwa anamtania kila siku kwamba anajenga kama anayefinyanga vyungu.

“Gumba lako liko kule juu,” alimwambia. “Limeacha alama mwanzo hadi mwisho. Sasa nijibu.”

Nyundo ikanyamaza. Fundi akashuka ngazi polepole, akajifuta mikono kwenye suruali.

“Kulikuwa na ufa mdogo. Nikauziba ili maji yasiingie. Hata huyo mwalimu wako angefanya hivyo hivyo.”

“Ungekuwa umeuziba kwa ajili ya maji, usingeufunika kwa majani.”

Fundi akainama kuokota misumari iliyodondoka.

“Ulikuwa unanificha mimi,” Msomi aliendelea. “Ulijua ninakuja kupapima. Ukatangulia kuziba.”

“Umesoma muhula mmoja tu, Msomi. Mmoja. Mimi nimeshika mwiko tangu sijaota ndevu. Babu yangu alilima mlima huu, baba akalima, haujawahi kumdondokea mtu.”

“Babu yako alilima miti ikiwepo. Hakuuchimba miguu. Na mvua yake haikuwa hii.”

“Kwa hiyo mimi mjinga.”

“Ungekuwa mjinga ningekuelewesha. Wewe ulijua. Uliuona ufa, ukaelewa maana yake, halafu ukaendelea kunipigia misumari ya chumba cha kulala.”

Fundi akasema anakuza mambo. Akasema chuo kimempa kiburi, siku hizi hata chai anainywa kwa maelezo. Hapo ndipo damu ilipomchemka Msomi kabisa.

“Saruji yako imepasuka katikati,” alisema. “Nimeingiza vidole vinne. Hukuwa umeliona hilo, au sivyo?”

Uso wa mwanamume ukabadilika. Hakuwa ameliona. Msomi akabeba begi lake na kuondoka bila kuaga.

Kuanzia jioni hiyo simu yake haikupumzika. Mashangazi walitaka kujua kama ni kweli ameiacha harusi kwa ajili ya kokoto. Kaka yake Fundi, mfanyabiashara wa matofali aliyezoea kumdharau mdogo wake tangu utotoni, akamtumia ujumbe: “Shemeji, kama umepata wa kufanana nawe huko chuoni sema tu. Usisingizie mlima.” Akausoma, akaufuta, akajuta kuufuta kabla hajamtukana.

Kutoka kwa Fundi ulikuja mmoja tu: “Nitajenga ukuta wa mawe. Rudi.”

Hakujibu. Kesho yake alienda ofisini kwa mwalimu na picha zote alizopiga. Mwalimu akazitazama moja moja, akarudia ile ya saruji iliyopasuka. Msomi akamuuliza swali alilokuja nalo: mlima utaanguka lini?

“Siku sikutajii, kwa sababu siijui, na anayekwambia anaijua anakudanganya,” mwalimu alisema. “Unaweza kukaa miaka. Unaweza usimalize msimu huu. Ninachojua ni kwamba ardhi ile inatembea, imekatwa miguu, na ina maji ndani. Mimi nisingelala pale.”

“Na ukuta wa mawe?”

“Ukuta wa fundi mmoja, kwa uzito ule? Ungekuwa kitu cha kwanza kuwaangukia.”

Msomi alikuwa bado kwenye korido ya chuo simu ilipolia. Ni mama mkwe. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyehamia kwake. Akamwambia hawa watoto wa siku hizi wanagombana kwa mambo ya kupita, yeye hakuona sababu ya kusubiri, ameshahamisha vitu vyake. Fundi amempa chumba cha nyuma.

“Cha nyuma kipi, Mama?”

“Hiki cha upande wa mlimani. Kina ubaridi mzuri. Njoo uone mapazia, mwanangu.”

Msomi alikaa chini pale pale koridoni, wanafunzi wakawa wanamruka. Hadi dakika ile alikuwa na hasira za mchumba. Zilizomjaa sasa zilikuwa nyingine kabisa.

Alipofika, mama alikuwa amesimama juu ya kiti anatundika pazia. Kaka mtu alikuwa kwenye kochi la sebuleni, amekuja kukagua. Fundi alikuwa uani anachanganya zege ya ukuta wake wa mawe. Msomi akampita, akarudi, akasimama mbele yake.

“Ingia ndani umwambie mama yako.”

“Nimwambie nini?”

“Ulichoniambia mimi. Kwa mdomo wako, si wangu.”

“Usiniaibishe mbele ya kaka.”

“Umemlaza mama yako chini ya mlima unaotembea, na unachoogopa ni kaka.”

Alisema kwa sauti ya chini, lakini mama alikuwa ameshatokea mlangoni na pazia mkononi. Kaka naye akaja nyuma yake, anatabasamu tayari. Fundi akatazama koleo, akatazama viatu vyake.

“Mama,” alisema hatimaye. “Kule juu kuna ufa. Niliuona kabla sijaezeka. Niliuziba.”

“Ufa wa nini?”

“Wa mlima. Umefunguka tena.”

Mama akakunja pazia lile mara mbili, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kona zimekutana.

“Chumba kile ulinichagulia wewe,” alisema. “Nilitaka cha mbele, ukasema cha nyuma kina ubaridi.”

“Nilidhani—”

“Usinimalizie.” Sauti ilikuwa kavu. “Baba yako alikuwa na makosa yake, Mungu amrehemu. Lakini hakuwahi kunilaza mahali ambapo yeye mwenyewe angelala jicho wazi.”

Akaingia ndani, akatoka na begi lake la nguo. Kaka akaanza kucheka, kwamba nyumba ya bwana mkubwa imekufa kabla ya kuzinduliwa. Mama akamwambia anyamaze na abebe godoro. Akabeba.

Mvua zikaja, nzito. Msomi alikuwa akizisikiliza kwenye bati la hosteli huku anasomea mtihani, na kila zikizidi alijikuta ameshika simu. Mlima haukuanguka. Watu wakaanza kumcheka waziwazi. Shangazi mmoja akampigia makusudi amwambie nyumba inamsalimia. Alimjibu kwamba hakuwahi kusema itaanguka kesho, alisema asilale mtu, na kama shangazi ana mashaka funguo zipo. Shangazi akakata simu.

Hasira hazikumtoka. Alifaulu somo vizuri, na hata siku ile hakumpigia Fundi.

Ni mama mkwe aliyempa habari. Mvua zilipokatika, Fundi alikuwa ameanza kuivunja ile nyumba, peke yake. Alikataa vibarua. Majirani wanasimama barabarani wanamwita kichaa, maana mlima upo vile vile na yeye anang’oa bati zima.

Msomi akaenda. Alimkuta juu ya ukuta, amekonda, vumbi hadi kwenye kope. Paa lote lilikuwa limeshuka, mabati yamelala uani. Fundi alipomwona akashuka, akasimama mbali kidogo.

“Nani amekwambia uvunje?”

“Hakuna. Nilipanda juu mvua ikinyesha. Nikaingiza mkono kwenye ule ufa.” Akaonyesha kwa mkono mwingine: ulikuwa umeingia hadi kiwikoni.

Msomi akamuuliza lile alilokuwa amelibeba muda wote.

“Ulinitaka mimi, au ulitaka nyumba yenye mimi ndani?”

Fundi akajifuta vumbi kwenye kope. “Nilitaka kaka aone ninavyo vyote viwili.”

Lilikuwa jibu baya, na Msomi alilisikia likimchoma. Lakini lilikuwa jibu la kwanza kutoka kwake ambalo halikupakwa kitu juu.

“Basi sikiliza. Harusi ile haipo,” alimwambia. “Nitamaliza mwaka wangu, wewe utatafuta mahali pengine pa kujenga, na kabla ya jiwe la kwanza tutaenda wote wawili tupatazame. Nikiona umenificha kitu tena, hata kiwe kidogo kama msumari, usinitafute.”

“Sawa.”

“Usiniambie sawa kwa haraka. Bado nina hasira na wewe.”

“Najua. Unazo hadi kwenye mkanda wa begi, unaunyonga.”

Msomi akakaribia kucheka, akajizuia. Akaliweka begi juu ya rundo la matofali, akakunja mikono ya shati na kushika ncha ya bati la kwanza. Fundi akakimbilia ncha nyingine.

“Taratibu,” alisema. “Kingo zake zinakata.”

“Nimeziona,” Msomi alijibu. “Nyanyua.”