Safari ya Diwani Kwenda Goroka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kezia alimpelekea Diwani chakula chake: maganda ya ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa na machicha ya nazi. Diwani alikuwa nguruwe dume, mweusi na mnene, aliyetembea tumbo likitangulia. Mjomba Gising ndiye aliyempachika jina hilo kwa kumfananisha na diwani wao. Jina lilienea kijiji kizima, na diwani mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani, alicheka sana alipolisikia.

Bibi Maring alimlea nguruwe huyo kwa ajili ya siku moja tu. Mjomba Gising alikuwa anamwoa Lenise, mwalimu wa Goroka, kule milimani. Vitu vingine vya mahari vilikuwa vimekwisha kupelekwa. Alibaki Diwani, ambaye Bibi alimwahidi mama yake Lenise kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya koo zote mbili. Asingefika akiwa hai, harusi ingeahirishwa mpaka alelewe mwingine, na Bibi angebaki na aibu yake.

Siku ya safari walipanga kuondoka alfajiri, wavuke uwanda wa Markham kabla jua halijakolea. Lakini gurudumu la pikapu likapata pancha hata kabla hawajatoka kijijini. Hasu, dereva wao aliyekuwa mtu wa Goroka, alipomaliza kubadilisha gurudumu, jua lilikuwa limeshapanda. Diwani aliwekwa nyuma katika kizimba cha mianzi, na pembeni yake pakawekwa dumu kubwa la maji.

"Kezia mjukuu wangu, kazi ya maji ni yako," Bibi alisema. "Nguruwe hatoki jasho kama sisi. Tukisimama sokoni, mnyweshe, kisha mmwagie mwili mzima. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kezia aliketi kiti cha nyuma pamoja na Bibi. Alikuwa amevaa gauni jeupe jipya aliloshonewa kwa safari hiyo, na kila mara alilinyoosha magotini. Hakujua kwamba sehemu ya barabara ilikuwa inatengenezwa. Kwa joto lile madirisha hayakufungika, na malori yalipopishana nao, vumbi jekundu liliingia mpaka puani.

Walisimama kwenye soko la kando ya barabara. Mjomba Gising na Hasu walikwenda kununua popoo za kutafuna, wawapelekee wenyeji wao, maana kule milimani hazioti. Bibi alikwenda kutafuta nazi. Kezia alibaki peke yake na Diwani. Alikuwa anaufungua mfuniko wa dumu aliposikia kicheko nyuma yake. Alikuwa Elma, mwanafunzi mwenzake, aliyekaa na mama yake wakiuza karanga.

"He, Kezia! Ndiyo unakwenda kwa wakwe hivyo?" Elma aliuliza. "Umekuwa mwekundu kama kuku aliyejigaragaza mavumbini!"

"Ni barabara hii!"

"Barabara gani? Shoga, watakufunga wewe kamba, huyo nguruwe wamkaribishe ndani!"

Watoto wote waliokuwa hapo walicheka. Kezia naye alijidai kucheka, lakini aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alilivuta dumu nyuma ya pikapu, akanawa uso. Akanawa mikono na miguu. Nywele nazo zilikuwa zimejaa vumbi, akaziosha. Mwishowe akafua pindo la gauni lake, huku akijiambia kwamba maji ya Diwani yatabaki. Alipolitikisa dumu, hapakuwa na maji ya kujaza hata kikombe. Bomba lilikuwa upande wa pili wa soko, na Hasu alikuwa ameshaanza kupiga honi.

Bibi alirudi, akaiona ardhi imelowa, Kezia naye amelowa, na dumu halina kitu.

"Umemmwagia yote?"

"Ndiyo, Bibi," Kezia alijibu haraka.

"Safi sana. Ndiyo maana nikikutuma sina wasiwasi."

Sifa hizo zilimchoma Kezia. Alijipa moyo kwamba wangesimama tena mtoni, naye angeteka maji bila mtu kujua. Hasu hakusimama. Alitaka kuupanda mlima wa Kassam kabla ukungu haujaifunika barabara, hivyo alikanyaga mafuta na kulivuka daraja huku akipiga mluzi. Kezia aliyatazama yale maji yote yakipita chini yao, asithubutu kusema kitu.

Pikapu ilianza kupanda kona baada ya kona. Upepo wa baridi uliingia, na Bibi akavaa sweta. Mjomba Gising aligeuka kutazama nyuma kupitia kioo, akapiga kelele.

"Simama, Hasu! Simama! Diwani anakufa!"

Hasu aliegesha pembeni, wote wakashuka. Diwani alikuwa amelala ubavu, anahema mbio mbio, mdomo umejaa povu. Miguu yake ilitetemeka. Bibi alimgusa masikio, akaurudisha mkono upesi.

"Anawaka! Hii ni homa," alisema. "Baridi ya huku imempiga. Wa uwandani huyu, hajaizoea."

"Haliwezi kuwa jua la kule chini, Mama?" Mjomba Gising aliuliza.

"Jua gani? Kaoga dumu zima la maji! Leteni blanketi, na turubai juu yake."

Huko kwao uwandani, mtu aliyetetemeka kwa malaria alifunikwa nguo zote zilizokuwemo nyumbani. Ndivyo walivyomfanya Diwani. Walimfunika blanketi mbili, kisha turubai, wakalibana pande zote upepo usipite. Hasu alitikisa kichwa.

"Bibi, mimi naona tumchinje kabla hajatufia."

"Nimpelekee mama mkwe mapande ya nyama?" Mjomba Gising alisema. "Aliahidiwa nguruwe anayetembea. Basi tena, Hasu. Geuza gari turudi."

Bibi alikaa juu ya jiwe, na Kezia aliona machozi yakimtoka. Alikuwa hajawahi kumwona bibi yake akilia. Chini ya turubai, mhemo wa Diwani ulizidi kwenda mbio. Kezia alijua kwamba akinyamaza, hakuna mtu atakayejua. Alijua pia kwamba blanketi zile zinamuua.

"Bibi, mfunueni!" alisema kwa nguvu. "Si baridi. Hakupata maji hata tone. Niliyaoga mimi kule sokoni, nikakudanganya."

Wote walimgeukia. Kezia aliinamisha kichwa, akingoja kofi. Bibi alimtazama kwa muda mfupi tu, kisha akasimama kama msichana.

"Toeni hayo mablanketi! Gising, kata majani ya migomba pale, umpepee. Hasu, lete ndoo yako. Na wewe, chukua dumu, kimbia!"

Mbele kidogo, maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mwamba. Kezia alikimbia, akateka, akarudi, akakimbia tena. Bibi aliyapokea na kuwaelekeza wanaume. "Msimmwagie kichwani kwa pupa, mtamshtua. Anzeni na miguu. Haya, masikio. Sasa tumbo, polepole." Kezia aliteleza kwenye utelezi akaanguka kifudifudi. Gauni jeupe likajaa tope mpaka shingoni, naye akainuka na kuendelea bila kulitazama.

Walifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha mhemo wa Diwani ukaanza kupungua. Alikoroma mara moja, akainua kichwa, akazamisha pua yake yote ndani ya ndoo na kunywa. Aliposhiba maji, aliling'ata jani la mgomba alilokuwa anapepewa, akaanza kulitafuna.

"Amepona!" Mjomba Gising alipiga kelele. Aliketi pale pale barabarani, akacheka huku machozi yanamtoka. Hasu alivua kofia yake, akampungia Diwani. "Mheshimiwa, umetutisha!" Bibi naye alicheka, na Kezia alihisi mzigo mzito umemshuka kifuani, ingawa alijua bado ana kesi ya kujibu.

Waliingia Goroka jioni. Ukoo wa Lenise ulikuwa umejipanga mbele ya nyumba, chini ya mivinje. Diwani alifunguliwa kizimba, akashuka kwa miguu yake mwenyewe, tumbo likitangulia, na watu wakashangilia. Mama yake Lenise aliipokea kamba kwa mikono miwili.

"Mbona mmechelewa hivi? Tulishaanza kuogopa," aliuliza.

"Ah, Mama, si unaijua barabara yetu," Mjomba Gising alianza.

"Si barabara," Kezia alimkatiza. "Ni mimi. Nilioga maji ya nguruwe, nikasema uongo, akakaribia kufa."

Mama yake Lenise alimtazama mtoto huyo aliyejaa tope, kisha akamtazama Bibi Maring. "Huyu ni wa kwenu?"

"Ni wa kwetu," Bibi alijibu, akamshika Kezia begani. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuoga yale maji lilikuwa kosa dogo. Ungeniambia pale pale sokoni, ningekugombeza, tukajaza dumu, tukaendelea na safari. Uongo wako ndio uliotufanya tumfunike blanketi mgonjwa wa joto. Sisi watu wazima tulifanya kwa nia njema, lakini tulikuwa tunamuua, kwa sababu tuliamini maneno yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu pale mlimani, ulipofungua mdomo. Ukweli wako umechelewa, lakini umemkuta Diwani yuko hai." Bibi alimpangusa tope shavuni. "Nenda sasa ukawaulize wenyeji maji yako wapi. Mnyweshe yeye kwanza, halafu ndiyo uoge."